Skukuu ya Idi mjini Unguja ukiwa na watoto: mwongozo wa siku zote nne

Kila Ramadhani ikiingia kumi la mwisho maswali ni yale yale: jamani skukuu watoto niwapeleke wapi, Mnazi Mmoja au Kariakoo (za hapa Unguja, si za Dar), Forodhani pana nini, sie tunatoka Dar tufikie wapi, taarabu ipo, tuvae nini. Nimeona bora niyajibu yote hapa pamoja, ili anaekuja Unguja mara ya kwanza, au anaeleta wanawe kutoka shamba, au aliekaa nje miaka na sasa anarudi na watoto wasioijua skukuu ya nyumbani, apate pa kuanzia.

Kitu kimoja ukishike kabla ya vyote. Skukuu yetu ni siku nne: mosi, pili, tatu, nne. Wanaoharibikiwa ni wale wanaotaka kumaliza kila kitu mosi jioni, wanatoka saa kumi na mbili na kadamnasi yote, mtoto mdogo begani, mwengine analia viatu vinambana, hela imeisha, daladala hakuna. Zigawe siku zako. Ukizigawa vizuri skukuu ya Unguja haina mfano, nasema kwa moyo wote.

Mwongozo huu unafaa Idi zote mbili, ndogo na kubwa. Penye tofauti nitasema.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Kitambulisho chako, na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto kama mnavuka kwa boti. Nakala zibaki kwenye simu pia.
- Chenji. Noti ndogo ndogo na sarafu, nyingi, zitoe benki mapema maana mabenki yanafunga na mashine za kutolea pesa zinakuwa na foleni ndefu, nyengine zinakauka kabisa.
- Pesa kidogo kwenye simu kama akiba.
- Viatu vya mtoto alivyokwisha kuvivaa angalau mara mbili tatu ndani. Hili watu wanalidharau na ndilo linaloharibu mosi.
- Kikaratasi chenye namba yako ya simu kwa kila mtoto, kiingie mfukoni au kishonwe ndani ya nguo.
- Chupa ya maji ya kila mtu, na kikombe chako au chupa tupu (nitaeleza kwa nini tukifika Forodhani).
- Mwavuli au koti la mvua. Tarehe za Idi zinarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na miaka hii Idi ndogo imekuwa ikiangukia Machi na Aprili, ndio hapo masika yanapogonga mlango.

Hatua ya 1: Panga tarehe ukijua mwezi ndio unaoamua

Idi ndogo ni mwezi mosi wa mfunguo mosi, yaani mwezi unaofuata Ramadhani, na Ramadhani inaweza kwisha siku 29 au 30, na jibu linapatikana usiku ule ule. Kwa hiyo usikate tiketi ya kuvuka siku unayodhani ndio Idi. Vuka ukiwa bado na siku mbili tatu mkononi. Idi kubwa ni rahisi, ni tarehe 10 ya mfunguo tatu, mwezi wa hija, mwezi ukishaandama unajua siku tisa kabla.

Tiketi za boti kutoka Dar zinaisha mapema sana siku zile, na ya kurudi ndio inayosahaulika. Kata zote mbili kwa pamoja. Nunua ofisini kwa kampuni yenyewe au kwenye mtandao wao, achana na mtu anaekukimbilia nje ya geti la bandari anakwambia zimekwisha njoo nikusaidie. Boti ya kasi inachukua kama masaa mawili mpaka bandari ya Malindi. Kama mtoto anatapika, mpe kitu chepesi, kaa chini sehemu ya nyuma, asiangalie simu.

ANGALIZO: mkifika bado ni Ramadhani, mchana watu hawali wala hawanywi hadharani. Hata kama nyie si Waislamu walisheni watoto ndani. Hakuna atakaewafokea watoto, lakini mtu mzima anaetafuna barabarani anavunja heshima ya mji mzima.

Hatua ya 2: Chagua pa kufikia kwa kuangalia miguu ya watoto

Una pande mbili. Mji Mkongwe, karibu na Forodhani na bahari. Au Ng'ambo, yaani Michenzani, Kikwajuni, Mwembeladu, Kariakoo, ambako ndiko skukuu ya watoto hasa iliko. Mnazi Mmoja ipo katikati ya pande hizo mbili, na kutoka huko kote unaenda kwa miguu. Mwenye watoto wadogo mimi namshauri Kikwajuni au Michenzani, kwa sababu mtoto akichoka unarudi nae nyumbani kwa mguu bila kusubiri gari. Kama una ndugu yeyote Ng'ambo fikia kwake, skukuu ni ya majumbani kwanza, mambo mengine yanafuata.

Hatua ya 3: Nguo, hina na ule usiku wa Darajani

Nguo ya kushona mpelekee fundi kabla ya nusu ya Ramadhani, ukichelewa atakwambia njoo kesho mpaka mwezi unaandama. Za kununua, nenda soko la Darajani usiku baada ya tarawehe. Siku za mwisho za Ramadhani Darajani usiku ni burudani yenyewe, taa kila pahala, vijuba vya watoto, kanzu, kofia, viatu vimemwagwa chini, wauzaji wanaimba bei. Wapeleke wakubwa waone. Wadogo waache nyumbani, pale kusukumana ni kwingi.

Wasichana watataka hina na piko. Hapa nawaomba sana akina mama mnisikilize. Hina ya majani, ile inayotoa rangi nyekundu au kahawia, haina neno. Piko nyeusi nyingi inachanganywa na dawa ya kupaka nywele, na dawa ile ina kemikali inayoweza kuchoma ngozi, mtoto anatoka malengelenge yanayofuata maua yale yale yalivyochorwa, na alama inaweza kubaki, na baadae hata dawa ya nywele ikamdhuru maisha yake yote. Kwa mtoto paka hina tu. Akililia nyeusi mwambie akikua.

Hatua ya 4: Chakula cha mosi kiwe ndani tangu usiku

Mosi asubuhi mji unalala. Maduka yamefungwa, mikahawa mingi imefungwa, watu wapo msikitini halafu majumbani. Mgeni aliefikia hoteli ndogo isiyo na chai anashinda njaa mpaka mchana. Usiku wa kuamkia skukuu nunua mkate, mayai, matunda, maziwa, maji.

Kama mpo kwa wenyeji hapo hamna shida, mtaletewa mpaka mseme basi: mkate wa kumimina, tambi, maandazi, mchuzi wa kuku au maini asubuhi, pilau au biriani mchana, haluwa na kahawa katikati. Usiwajaze watoto asubuhi. Kila nyumba mtakayoingia watapewa kitu, na kukataa ni vibaya, kwa hiyo waache na nafasi tumboni.

Hatua ya 5: Mosi asubuhi, sala na mkono wa Idi

Wanaosali watoke mapema, waliosali pamoja watapeana mikono nje, na sunna ni kurudi kwa njia nyengine. Baada ya hapo ndio mizunguko. Anza na wazee. Watoto wafundishwe kabla: wanaingia, wanaamkia shikamoo, wanasema skukuu njema au Idi mubarak, halafu wanakaa. Mkono wa Idi, yaani hela wanayopewa watoto, utakuja wenyewe, usimruhusu mtoto kuingia na kiganja wazi kwa nyumba asiyoijua.

Na wewe uwe na zile noti ndogo. Watoto wa mtaa watapita mlangoni kwa makundi, wamevaa, wamenukia, kila mmoja anataka mkono wake. Mpe kila mtoto sawa na mwenzake, hata kama ni kidogo. Ukimpa huyu elfu na yule mia tano habari inafika mtaa wa pili kabla hujafunga mlango.

Hela za wanao ziwekee utaratibu hapo hapo. Njia inayofanya kazi ni kugawa mara nne mbele yao, fungu la kila siku ya skukuu, la leo wanabeba wenyewe, mengine unaweka wewe.

Hatua ya 6: Mosi alasiri, viwanja vya watoto

Hii ndio yenyewe. Una chaguo kubwa mbili.

Mnazi Mmoja ni uwanja wa wazi, na ndio skukuu ya asili ya mjini, wazee wetu wamekwenda pale na babu zao. Vibanda vya michezo, midoli, maputo, ubuyu, achari, bajia, aiskrimu, watoto kwa mamia wamevaa rangi zote. Kuingia hakuna shida, unalipia unachokitaka. Pembeni ipo bustani ya Jamhuri, nzuri kwa mwenye mtoto mchanga anaetaka kukaa chini kidogo.

Kariakoo ni kiwanja cha kufurahishia watoto chenye mapembea na mashine za kupanda, kinaendeshwa na ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii. Pale pana uzio na geti, ndio maana wazazi wengi wanapapenda, mtoto hatoki ovyo. Uliza mlangoni kiingilio kinachukua nini na nini kinalipiwa peke yake, kabla hujatoa hela, maana mtoto akishaona lile gurudumu kubwa huwezi tena kumpigia hesabu.

Mwenye mtoto chini ya miaka mitano aende Kariakoo. Wa miaka saba kwenda juu wataipenda Mnazi Mmoja zaidi. Usifanye vyote viwili siku moja.

Muda: fika mara tu baada ya alasiri na uwe umeondoka kabla ya magharibi. Baada ya isha wanakuja vijana, msongamano unakuwa mwengine, na barabara zote za pembeni zinajaa. Makosa ninayoyaona kila mwaka:

- Mzazi anamkabidhi mtoto wa miaka minne kwa dada yake wa miaka tisa. Nae ni mtoto, ana skukuu yake, atasahau.
- Kuwavisha dhahabu. Hereni, bangili, mkufu, viache nyumbani, tena sana kwa wadogo.
- Kununua bunduki za kuchezea zinazorusha punje, na fataki. Jicho likienda halirudi. Usinunue hata akagaragara.
- Kuvuka barabara katikati ya bodaboda. Skukuu vijana wanaendesha vibaya, vuka na kundi, mkono wa mtoto ushike kwenye kifundo si kwenye vidole.
- Kutokubaliana pa kukutania. Chagua kitu kisichosogea, mti mkubwa au geti, muoneshe kila mtoto mkifika, muulize akurudishie mwenyewe "tukipotezana tunakutana wapi?"

Hatua ya 7: Pili jioni, Forodhani

Pili nendeni mbele ya bahari. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa ikafunguliwa upya 2009, ina sehemu ya kuchezea watoto na nyasi za kukaa. Mkifika kabla jua halijazama mtawakuta vijana wanapiga mbizi kutoka ukutani, mmoja baada ya mmoja, wengine wanageuka hewani mara mbili kabla ya kugusa maji, na watu wanashangilia. Wa kwako wasijaribu, chini pana mawe na wale wanapajua.

Upande wa pili wa barabara ni Ngome Kongwe, ina ukumbi wa wazi ndani, pita ulizia kama pana onyesho jioni hiyo. Jirani yake jumba la kale la Beit el Ajaib liliporomoka sehemu Desemba 2020, watoto wasikaribie uzio wake.

Magharibi vibanda vya chakula vinawashwa. Kwa mgeni ushauri wangu ni huu:

Anza na urojo. Bakuli la supu ya manjano yenye ukali wa embe au ndimu, ndani mna kachori, bajia, mbatata, nyama ya mshikaki, juu chipsi za muhogo, chatne ya nazi na pilipili. Kwa mtoto sema "bila pilipili" kabla hajaanza kuchanganya, akishatia haitoki. Halafu ile wanayoita Zanzibar pizza, unga unaosukumwa mwembamba hapo mbele yako na kukunjiwa nyama na yai kwenye kikaango. Watoto wanapenda kuangalia kuliko hata kula.

Mishikaki ya pweza, kamba na samaki wanaoneshwa juu ya meza. Uliza bei ya kila kijiti kabla hakijawekwa motoni, ukisikia jumla baada ya kula umechelewa. Na chagua chakula kinachopikwa hapo hapo, kile kilichokaa mezani tangu mchana kipite.

Juisi ya miwa usiikose. Muuzaji anaukunja muwa, anauwekea ndimu na kipande cha tangawizi katikati, anaupitisha tena na tena kwenye mashine mpaka unabaki makapi makavu. Juisi haina tatizo, tatizo ni glasi, siku za skukuu zinaoshwa ndoo moja watu mia. Ndio maana nikasema beba kikombe chako. Mpe akutilie humo, hawakatai.

Hatua ya 8: Usiku mmoja uwe wa watu wazima, taarabu

Ramadhani ngoma zote zinanyamaza, kwa hiyo Idi ndio watu wanarudi kwenye taarabu wakiwa na kiu. Vikundi vya kuulizia ni Nadi Ikhwan Safaa, cha tangu 1905, na Culture Musical Club. Wapi na usiku gani inabadilika, kwa hiyo uliza watu wa mjini siku moja kabla, sikiliza redio, soma mabango. Tiketi nunua mchana.

Vaa. Taarabu si pahala pa jinzi na malapa, wanawake wanavaa hasa, wanaume shati safi au kanzu. Usitegemee kuanza kwa saa iliyoandikwa. Wimbo ukikugusa unatoka kwenda kutunza: unainuka polepole na mdundo, noti mkononi juu kidogo ionekane, unafika mbele unampa muimbaji au unaiweka pale, unageuka unarudi vile vile bila haraka. Hiyo haraka ndio inayomfichua mgeni. Na kabla hujainuka sikiliza maneno, kuna nyimbo mtu anatunza kwa sababu ana lake na mtu aliekaa ukumbini humo humo, usije ukaingia kwenye ugomvi usioujua.

Watoto waachwe kwa bibi yao. Ni usiku mrefu.

Hatua ya 9: Tatu na nne, tokeni nje ya mji

Chagua kimoja tu kwa siku.

Changuu, kisiwa kidogo, kwa boti ndogo kutoka pwani ya Forodhani au Shangani, chini ya nusu saa. Pana makobe wakubwa sana ambao asili yao ni Ushelisheli, waliletwa 1919. Watoto wanawalisha majani. Patana bei ya kwenda NA kurudi na saa ya kurudi kabla hujapanda, na usikubali kuondoka mpaka kila mtoto amevaa jaketi la kuokolea linalomfaa, la mtu mzima halimsaidii mtoto.

Jozani, msitu wa kima punju, njiani kuelekea kusini. Nenda asubuhi, vaa viatu vya kufunika, usiwape kima chakula.

Pwani ya Fuji, Bububu, kama hutaki safari ndefu, daladala ya 502 inakupeleka Bububu. Skukuu vijana wengi wanaogelea huko, kwa hiyo kaa ukingoni na wanao, mtu mzima mmoja asiingie majini kabisa, kazi yake iwe kuhesabu vichwa.

Nne jioni mrudi mapema. Wengine wote nao wanarudi.

Likitokea hili, fanya hivi

*Mtoto kapotea.* Mtu mmoja abaki pale pale mlipoachana, mwengine aende pa kukutania, wa tatu aende kwa askari, viwanja vya skukuu huwa wapo. Sema rangi ya nguo kwanza, jina baadae. Ndio maana mpige picha kila mtoto asubuhi akiwa amevaa. Ukikosa askari piga 112.

*Mvua imeshuka.* Mnazi Mmoja inageuka tope dakika chache tu. Nenda Michenzani Mall au rudi majumbani, ile siku ifanye ya kutembelea ndugu, kiwanja kihamie kesho. Ndio faida ya kuwa na siku nne.

*Mmepotea vichochoroni Mji Mkongwe.* Muulize yeyote "Darajani wapi?" au "Forodhani wapi?", moja upande wa nje moja baharini, huwezi kukosa. Wazee walioko barazani watakuelekeza, waamkie kwanza.

*Daladala hamna usiku.* Patana na bajaji au teksi kabla hujaingia. Kama bei imepanda sana tembea mpaka ukitoke kiwanja, mita chache tu mbele inashuka.

*Tumbo limemuuma mtoto.* Mara nyingi ni aiskrimu juu ya biriani juu ya achari. Mpumzishe, maji kidogo kidogo na dawa ya chumvi chumvi ya kuongeza maji mwilini. Akitapika mfululizo, akiwa na homa au kinyesi kina damu, hospitali ya Mnazi Mmoja iko hapo hapo, usisubiri skukuu iishe.

*Piko imeshapakwa na inawasha.* Osha kwa maji mengi na sabuni mara moja, usipake mafuta ya mtaani juu yake, ikitoka malengelenge muone daktari.

*Boti ya kurudi imeahirishwa kwa upepo.* Usikasirike na wahudumu, bahari haibishiwi. Bakisha hela ya chakula cha siku moja na uwe umeshamwambia uliefikia kwake kwamba huenda ukarudi kulala.

*Mtoto kamaliza mkono wa Idi wote mosi.* Usimuongezee, fungu la pili analipata pili kama wenzake. Mpe kazi ya kugawa chenji kwa watoto wanaokuja mlangoni, atafurahi nayo kuliko unavyodhani.